Kiti Kilichorudi Peke Yake

Sehemu ya Tisa

Bendera ilikuwa imekwisha kushuka, wanaume saba walikuwa wamemezwa na vumbi, na Mukai alikuwa bado anaisukuma pikipiki ya marehemu baba yake, nayo haiwaki. Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita. Wewe, msomaji, ulikunja gazeti ukaenda kwenye shughuli zako. Yeye bado anasukuma.

Chuma kikakohoa mara moja, kikanyamaza.

"Auntie, rudisha hiyo kitu jikoni!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka juu ya ukuta wa nyumba ambayo haijaezekwa. "Hiyo ni ya mabuda, ya wazee!"

Umati ukaangua kicheko. Umati wa Jumapili alasiri hapa mtaa wa Tena hucheka upesi. Waliosinzia wakati wa mahubiri huwa na nguvu nyingi baadaye.

Mukai hakuwatazama. Alipiga magoti kwenye changarawe, akapitisha kidole chini ya tangi, akaufuata waya wa plagi hadi mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa unaning'inia hewani. Ulikuwa umechomolewa.

Ni nani aliyeikaribia mashine ile kabla ya bendera kushuka? Mtu mmoja tu. Mwenyekiti Matheka alikuja kumtakia heri, akainama juu ya tangi kwa adabu isiyo ya kawaida yake, akamwita "binti yangu". Mtu aliyelikwangua jina la baba yako akikuita binti yake, usiyatazame meno yake. Itazame mikono yake.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la juma lililopita lilifungiwa maandazi, nitaeleza kwa ufupi.

Chama cha Pikipiki Kongwe ni wanaume wa makamo, makarani na madereva na wachonga vinyago, ambao tangu Jumatatu huwanyenyekea wakubwa wao, na ikifika Jumapili hupanda vyuma vilivyoachwa na wakoloni wakajiona majemadari. Hushindana kutoka Tena hadi kwenye nguzo ya chuma iliyo kando ya jaa la taka la Dandora, na kurudi. Kwenye nguzo huketi msimamizi, Mzee Kyule, naye humpa kila anayezunguka pete ya mpingo. Asiyerudi na pete hakufika. Hiyo ndiyo sheria.

Miaka sita iliyopita Kivuva, mchonga vinyago, baba yake Mukai, alirudi wa kwanza akiwa amewaacha wenzake mbali sana. Hakuwa na pete. Alisema Kyule hakuwapo. Kyule akaapa kwamba hakubanduka. Kesho yake Kivuva alipoitwa kikaoni ajitetee, alikaa kimya kama aliyeshonwa midomo. Wakamwita mwizi wa mbio. Ushindi wake wote wa miaka ya nyuma ukakwanguliwa kwenye ubao wa chama, pakabaki kovu jeupe katika mbao. Homa ya mapafu ilipomchukua, ilimchukua na jina hilo la mwizi.

Leo binti yake amekuja kulisafisha. Akirudi wa kwanza na ushahidi kwamba amefika kwenye nguzo, chama kitaifungua upya kesi ya jina la Kivuva. Asiporudi hivyo, halitatajwa tena.

Haya, twende.

Mama yake, Kavindu, alipenya katikati ya watu akamshika bega.

"Iache, mwanangu."

"Waya umechomolewa, Mama."

"Basi hiyo ni ishara. Iache."

"Ishara gani hiyo yenye grisi ya vidole?"

Kavindu akauondoa mkono begani. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye mikono ambayo haikuacha kufutana yenyewe kwa yenyewe. Asubuhi ile alikataa katakata kuja uwanjani, kisha akaja kabla ya kila mtu. Aliivua leso yake kiunoni, akamfunga bintiye shingoni ili vumbi lisimzibe pumzi. Baraka haikutoka kinywani mwake.

Mukai akaurudisha waya mahali pake, akasimama.

"Mzee Obonyo! Bado naruhusiwa?"

Obonyo, aliyeishika bendera, alikuwa gadi mstaafu wa reli. Chama kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua maana ya utaratibu, na ndiye huyo. Alitazama bendera yake ya kijani, akaitazama njia.

"Treni iliyochelewa bado ni treni," akasema. "Nenda, nyathina. Nenda, mwanangu."

Akasukuma, akakimbia, akarukia kiti. Mashine ikanguruma. Harufu ya mafuta ya mbarika ikajaa uwanja mzima. Ndiyo mafuta wanayoyatia injini za mashindano, yaleyale tuliyonyweshwa utotoni tukiwa tumebanwa pua. Wanaume hawa huivuta harufu ile kwa macho yaliyofumbwa kana kwamba ni ubani. Kila mtu na anachokiabudu.

Kijana wa ukutani akaacha kucheka.

*

Usidhani kwamba kuwafikia wanaume wale kulikuwa kazi kubwa. Majemadari wa Jumapili hawahitaji adui. Hujiangusha wenyewe.

Wa kwanza alikuwa mtaroni, tai shingoni, akiitafuta miwani yake. Wa pili na wa tatu walikuwa wamegongana, na badala ya kuziinua pikipiki zao walikuwa wakibishana ni nani aliye mkubwa kwa cheo. Karibu na machimbo ya mawe alimkuta Mulama, dereva wa lori, mtu wa kimo na kitambi, akiisukuma pikipiki yake ya Ariel huku jasho likimtiririka.

"Imezima, Mzee Mulama?"

"Haijazima!" Mulama akajibu kwa hasira. "Inapumzika!"

Mukai akampita. Mbele yake sasa walibaki wachache, na moshi wa Dandora ulikuwa umeanza kumchoma macho. Jaa lile huwaka usiku na mchana, wala hakuna ajuaye ni nani aliyeliwasha. Aliipandisha leso ya mama yake hadi puani.

Waliotangulia walikuwa wamekwisha zunguka na sasa walikuwa wakirudi. Mmoja baada ya mwingine walimpita wakielekea Tena, na wa mbele kabisa alikuwa Matheka juu ya Triumph yake iliyong'arishwa kama kijiko cha harusi. Aliinua mkono mmoja. Katika kidole chake iling'aa pete ya mpingo.

"Rudi nyumbani, binti yangu!" akapaza sauti.

Mukai akaiona nguzo. Akapunguza mwendo, akanyoosha mkono wake apokee pete.

Mkono ukabaki hewani.

Nguzo ilikuwapo. Kando ya nguzo palikuwa na kiti cha miguu mitatu, kiti cha mzee, chenye nakshi za waya wa shaba zilizopigwa ndani ya mbao. Juu ya kiti hapakuwa na mtu. Kyule hakuwapo, na pete zote hukaa katika mfuko wa koti la Kyule.

"Mzee! Mzee Kyule!"

Akajibiwa na mwanamke aliyekuwa akichambua chupa katika taka, gunia begani. Jina lake Falis, nasi hatutamwona tena leo, kwa hiyo msikilize vizuri.

"Mzee ameenda upande ule usio na moshi," Falis akasema. "Ameletewa mbavu za kuchoma kutoka soko la Burma, zimefungwa kwenye gazeti. Sasa wewe fikiria. Mtu ataila nyama ya Burma mbele ya uvundo huu?"

"Lakini mbio hazijaisha!"

"Alisema zimeisha. Alisema wanaume waliobaki wameanguka njiani, na mwanamke amezuiwa asishindane. Mwenye nyama ndiye aliyemwambia hivyo."

"Mwenye nyama ni nani?"

"Yule wa pikipiki inayong'aa. Alimpa leo asubuhi."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa! Nguzo ileile, moshi uleule, msimamizi yuleyule asiyekuwapo. Baba yake alisema kweli.

"Dada, twende ukanishuhudie."

Falis alicheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha. "Mimi? Wale wazee walinipita wakiwa wameziba pua. Si jaa walilolizibia. Ni mimi. Watayasikilizaje maneno yangu?"

Alisema kweli. Wanaume wanaojitengenezea sheria zao hawana sikio la mwokotaji wa taka.

Mukai akakitazama kiti. Kulikuwa na jambo ambalo bibi yake wa Machakos aliwahi kumwambia kuhusu viti vya wazee, jambo zito, lililosemwa kwa sauti ya chini. Lakini Mukai alizaliwa Pumwani na kulelewa Umoja, na alimsikiliza bibi yake jinsi watoto wa mjini wanavyowasikiliza bibi zao. Injini ilikuwa inanguruma. Jambo lile halikumjia.

Akaifungua leso shingoni, akakitwaa kiti, akakifunga mgongoni kama mama afungavyo mtoto. Hakuna kingine kama hicho Nairobi nzima. Ni nani angethubutu kusema kwamba alikiokota njiani?

Akaizunguka nguzo, akaondoka.

*

Sasa nitakueleza jinsi Matheka alivyoshindwa, nawe ukitaka kucheka, cheka.

Alikuwa mbele. Mukai aliwapita wengine wote katika mteremko wa machimbo, maana Kivuva aliitengeneza mashine ile kwa mikono iliyozoea kusikiliza mbao, nayo ilikimbia vizuri. Lakini Matheka alikuwa mbele bado, na mstari wa mwisho ulikuwa umekwisha onekana. Angeendelea tu kama alivyokuwa, angeshinda.

Ila mwenyekiti alikuwa amemweka mpiga picha karibu na mstari.

Alipomwona mpiga picha amelenga kamera, Matheka alipunguza mwendo. Akaipandisha miwani ya vumbi juu ya paji la uso. Akaunyoosha mgongo. Akalivuta ndani lile pipa la tumbo lake. Akauachia mkono mmoja usukani ili aionyeshe pete, akatabasamu.

Kamera ikalia. Baina ya lenzi na tabasamu lile alipita mwanamke mwenye kiti mgongoni.

"Buda!" kijana wa ukutani akapiga yowe la furaha. "Umewachwa na dame amebeba stuli!"

Uwanja ulitetemeka kwa vicheko. Mukai akasimama ng'ambo ya mstari, akaizima mashine. Matheka alimfikia akiwa mwekundu wa macho.

"Pete!" akafoka hata kabla ya kushuka. "Pete yako iko wapi?"

"Sina pete, Mwenyekiti."

"Mmemsikia? Hana pete! Mtoto wa nyoka ni nyoka! Mzee Obonyo, umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia," Obonyo akasema polepole. "Sasa nataka kusikia na hicho kilicho mgongoni."

Mukai akaifungua leso. Akakishusha kiti kile cha miguu mitatu, akakiweka chini mbele ya watu wote.

"Pete zilikuwa na Kyule, na Kyule hakuwapo," akasema. "Nimeleta kilichokuwapo."

Alitazamia makofi. Alitazamia angalau mnong'ono.

Badala yake, kutoka nyuma ya umati, likapaa yowe ambalo sitaki kulisikia tena maishani.

*

Lilikuwa yowe la Ndindi, mke wa Kyule.

Kwa watu wa nyumba yao, kiti cha mzee hakitembei peke yake. Mwenyewe akienda barazani, kinakwenda naye. Akirejea, kinarejea naye. Siku kitakapoletwa nyumbani na mtu mwingine, mwenyewe asionekane, wanawake hawaulizi swali. Hulia.

"Woi! Baba Ndete! Woi, umeniacha na nani!" Ndindi alijitupa chini, akakikumbatia kiti. "Asubuhi umekunywa uji ukasema hauna sukari! Nami nikakujibu vibaya! Woi, mume wangu!"

Wanawake wenzake wakaitikia. Wanaume wakavua kofia. Mtu mmoja aliyekuwa hajui hata ni nani aliyekufa akaanza kukusanya watu wa kwenda kutoa habari Machakos. Katika muda wa kumeza mate, mashindano yaligeuka matanga.

Ni hapo ndipo lile jambo la bibi yake lilipomjia Mukai, lote, neno kwa neno.

"Si hivyo!" akasema. "Mama Ndete, nisikilize, yu hai! Ameenda kula nyama!"

Hakuna aliyemsikia. Lakini Matheka alisikia, na Matheka, msomaji, ni miongoni mwa watu ambao akili zao hufanya kazi pale tu uovu unapozihitaji. Alipanda juu ya gurudumu kuukuu ili aonekane na wote.

"Ndugu zangu!" akalia kwa sauti ya mhubiri. "Kyule alikuwa simba wa nguzo! Hakuondoka mahali pake hata mara moja! Leo mimi mwenyewe nimemwona kwa macho haya mawili, ameketi juu ya kiti hiki, akanipa pete kwa mkono wake. Alikuwa mzima! Baada yangu walipita wenzangu wachache, wote wanaume wazoefu. Wa mwisho kupita alikuwa nani?"

Vichwa vikageuka.

"Wa mwisho alikuwa nani?" Matheka akarudia. "Mwanamke asiyejua breki! Amemgonga mzee wa watu! Amemgonga, kisha amekileta kiti chake hapa kama nyara!"

Watu wale waliokuwa wakicheka punde tu sasa walikuwa wakisogea. Mkono mmoja ukaushika usukani wa pikipiki. Mwingine ukaishika nguo ya Mukai begani.

"Mshikeni asitoroke!"

"Muuaji!"

"Kama babake! Ukoo wa wezi sasa ni wa wauaji!"

Obonyo alipuliza kipenga chake cha reli, akapuliza tena. Umati haukuwa treni. Kavindu alikuwa amejitia katikati yao, mikono imetandazwa mbele ya bintiye, na wakati wanawake wote wa Eastlands walionekana kulia, yeye peke yake hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti. Alikitazama jinsi mtu anavyomtazama mdai aliyemkimbia miaka mingi.

Jiwe la kwanza lilikuwa limekwisha inuliwa.

"Kiti changu!" sauti ikanguruma kutoka barabarani. "Ni mwizi gani aliyechukua kiti changu?"

Umati ukapasuka.

Nyuma ya baiskeli ya muuza maziwa, miguu imetanuka baina ya mitungi, alikuwa ameketi Mzee Kyule. Gazeti lililoloa mafuta lilikuwa kwapani mwake. Midomo yake iling'aa kama kiatu kipya. Katika ndevu zake ulikuwa umenasa ubavu mdogo wa mbuzi.

Aliyeshika jiwe akalitupa chini, akajifuta mkono kwenye suruali, akatazama kwingine. Hao ndio watu.

Kyule alizitazama kofia zilizovuliwa. Akawatazama wanawake waliokuwa mavumbini.

"Nani amekufa?" akauliza kwa heshima.

"Wewe," Obonyo akamjibu.

*

Ndindi aliinuka polepole. Machozi yalikuwa bado yakimtiririka, lakini sura iliyokuwa chini ya machozi ilikuwa imebadilika.

"Baba Ndete."

"Mama Ndete, mimi nilikuwa..."

"Nimekulilia. Mbele ya watu nimekulilia, nimejitupa chini na nguo ya kanisani, kumbe wewe ulikuwa unatafuna?"

"Ni kidogo tu."

"Una mfupa ndevuni!"

Umati ukarudi kucheka, maana umati hauna aibu. Ndindi hakucheka. Alikiinua kiti, akakibwaga mbele ya mumewe.

"Kaa."

"Ndindi..."

"Kaa juu ya kiti cha baba yako! Mimi nimekifuta vumbi hiki tangu uliponioa, wala sijathubutu kukikalia, maana mwanamke hakikalii, na mwanamume akikikalia hasemi uongo. Si ndivyo ulivyonifundisha? Kaa, useme!"

Kyule alikaa. Juu ya kiti kile alionekana mdogo kuliko kiti chenyewe.

Obonyo akasimama mbele yake, bendera imekunjwa kwapani. "Leo ulikuwa wapi msichana huyu alipofika kwenye nguzo?"

"Nyuma ya kanisa la mabati. Nilikuwa nakula. Moshi ule, Mzee Obonyo, hauwezi..."

"Nyama ilikuwa ya nani?"

Kyule alimtazama Matheka. Matheka alikuwa ameanza kuifuta Triumph yake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Ya mwenyekiti. Aliniambia mwanamke amezuiwa, wakishapita wanaume niende nikale."

"Basi ushindi wa leo ni wa Mukai," Obonyo akasema, na sauti yake ikafika hadi ukutani kwa vijana. "Lakini sijamaliza. Miaka sita iliyopita. Siku ya Kivuva. Ulikuwapo?"

Hata muuza maziwa alinyamazisha mitungi yake.

"Sikuwapo," Kyule akasema.

Mukai alifumba macho.

"Niliona vumbi lake tu kutoka mbali," Kyule akaendelea, akiyatazama magoti yake. "Aliizunguka nguzo. Alizunguka kwa haki. Niliporudi alikuwa amekwenda. Nikaogopa kufukuzwa, nikaapa kwamba sikuondoka. Kivuva hakuwa mwizi."

Hapo, msomaji, palikuwa mahali pa kumalizia hadithi hii. Obonyo alikwisha agiza patasi na nyundo. Ubao wa chama, mvule mzito, uliletwa ukaegemezwa kwenye tofali, na kovu la jina la Kivuva likaonekana na kila mtu.

Lakini Matheka hakuwa amekufa. Alikuwa ameaibika tu, na wanaume wa namna yake hawajui tofauti kati ya kuaibika na kudhulumiwa.

"Ngoja!" akasema. "Siku ile sikumpa nyama mimi. Mnasikia? Siku ile sikumjua hata anapokaa! Nani aliyemwita siku ile? Ataje! Chama hakichongi jina kwa ushahidi wa nusu!"

Obonyo alikunja uso. Hakumpenda Matheka, lakini aliupenda utaratibu kuliko alivyomchukia Matheka.

"Hilo ni sawa," akasema kwa kusitasita. "Ushahidi ukikatwa katikati si ushahidi. Kyule, nani aliyekuita siku ya Kivuva?"

Kyule akainua macho yake, nayo yakapita juu ya Matheka, yakapita juu ya Ndindi, yakatua.

Mukai akayafuata macho yale hadi yalipotua.

Yalitua juu ya mama yake.

*

Mukai akamvuta Kavindu nyuma ya pikipiki. Walizungumza kwa sauti ya chini, na uwanja mzima ulijifanya hausikilizi.

"Mama?"

"Baba yako alikuwa amevunjika mguu mara mbili," Kavindu akasema. "Mwenzake wa mbio alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, naye alirudi kutoka makaburini akaanza kuisafisha kabureta. Nikasema, akinyimwa ushindi mmoja atakasirika, aache mbio. Basi. Nilinunua mbavu Burma, nikampelekea Kyule, nikamshikilia kwa maneno. Sikujua kwamba watamwita mwizi."

"Na ukawaacha wamwite hivyo? Miaka yote?"

"Nilitaka kusema. Usiku ule, kabla ya kikao."

"Kwa nini hukusema?"

Mikono ya Kavindu ilikuwa ikifutana, ikifutana.

"Kwa sababu alikuwa anajua. Nilipompokea kofia yake mlangoni, alinishika mikono, akainusa. Harufu ya nyama choma haitoki upesi. Akanitazama. Nikadhani atanipiga. Akaniambia, 'Nenda ukanawe, wageni wanakuja.' Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo mpaka alipokufa."

Mukai alisimama. Ule ukimya wa kikaoni, ambao chama kizima kiliuita hatia, sasa aliujua ulikuwa nini. Baba yake aliliuza jina lake ili la mkewe lisiguswe. Na yeye, binti yake, alikuwa amepanda chuma akaja mbio kuivunja biashara ile.

"Jina!" Matheka akaita kutoka uwanjani. "Tunangoja jina!"

Mukai akarudi kati ya watu. Patasi ilikuwa imekwisha wekwa juu ya kovu la mvule, na nyundo ilikuwa juu.

"Mzee Obonyo," akasema. "Weka patasi chini."

"Unasemaje, nyathina?"

"Liache lilivyo. Mzee Kyule asiseme neno."

Obonyo alimtazama, kisha nyundo ikashuka taratibu bila kugonga kitu. Kyule akainuka kitini upesi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Umati ukanung'unika, maana ulikuja kwa damu au kwa sherehe, na sasa umenyimwa vyote viwili.

Matheka akacheka. Alicheka kwa tumbo lake lote, akajipiga paja.

"Nilisema! Nilisema mimi! Anajua mwenyewe kwamba baba yake alikuwa mwizi! Binti wa mwizi ameona haya!"

Kicheko kile kilifanya kazi ambayo miaka sita haikuifanya.

Kavindu alitoka nyuma ya pikipiki. Hakumtazama Matheka, hakustahili kutazamwa. Aliokota leso yake mavumbini, akaikung'uta, akajifunga kiunoni kwa utulivu wa mtu anayejitayarisha kwa kazi ya nyumbani. Mukai akamshika mkono. Kavindu akautoa mkono ule kidole kwa kidole.

Akatembea hadi katikati ya uwanja. Akageuka, akawaelekea wote.

Akakaa juu ya kiti cha Mzee Kyule.

"Kavindu!" Ndindi akapiga yowe la pili la siku ile. "Inuka! Mwanamke hakikalii! Inuka!"

Kavindu hakuinuka.